Keki Zilirudi, Waokaji Hawakurudi



Himdi zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Ahli zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya keki. Msishangae. Mara nyingine Allaah hutuletea somo kubwa ndani ya kitu kidogo, na somo hili lilitufikia ndani ya boksi la karatasi, hapa hapa Nyamirambo.

Mmoja wa wanafunzi wetu alipata zawadi kutoka kwa mjomba wake anayeishi Marekani. Jumamosi moja akaja nayo madrasa ili ale na wenzake, jambo ambalo tulimsifu. Zilikuwa keki ndogo za manjano, zenye krimu nyeupe katikati. Zinaitwa Twinkie. Kabla hazijagawanywa, binti mmoja akanyosha mkono: "Ustadh, hizi ni halali?"

Tukafurahi kwa swali hilo, kwani ndiyo faida ya kusomesha. Tukasoma maandishi ya boksi, tukakuta miongoni mwa vilivyomo kuna mafuta ya ng'ombe. Ng'ombe ni halali, lakini huyu kachinjwa na nani, na kwa njia gani? Boksi halisemi. Tukawaambia watoto kuwa jambo likiwa na shaka ni salama zaidi kuliacha, na kwamba anayeacha kitu kwa ajili ya Allaah hapati hasara. Tukaongeza: "Isitoshe, sisi tuna maandazi yetu."

Mtoto wa mstari wa mbele akajibu kwa unyenyekevu: "Lakini Ustadh, maandazi nayo hayaji tena."

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, na sababu yake tutaieleza huko mbele In Shaa Allaah.

Ndipo kijana wetu mmoja mkubwa, anayesoma sekondari, akasema: "Ustadh, kiwanda cha keki hizi kiliwahi kufungwa kabisa kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi. Sasa kosa lilikuwa la nani?" Tukamwambia tutatafuta habari zake kisha tumjibu. Haya ndiyo majibu.

Keki yenyewe

Keki hii ilibuniwa mwaka 1930 na James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Continental Baking karibu na mji wa Chicago. Kiwandani kulikuwa na vyombo vya kuokea keki za stroberi, na msimu wa stroberi ukipita vyombo vilikaa bure. Dewar akaona hiyo ni hasara, akaoka keki humo na kuzijaza krimu ya ndizi. Ziliuzwa mbili kwa senti tano, katika miaka ya shida kubwa ya uchumi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndizi zikawa adimu huko Marekani, krimu ikageuzwa kuwa ya vanila. Sisi wa Rwanda, ambao ndizi ni chakula chetu cha kila siku, tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo.

Tangu hapo keki hiyo ikawa sehemu ya utoto wa Wamarekani wengi. Mama aliitia katika mkoba wa shule, na baba aliinunua njiani akirudi kazini, kama vile hapa mtu anavyopitia kununua sambusa baada ya Alasiri.

Ijumaa mpaka Ijumaa

Biashara iliuzwa kutoka kwa mwenyewe mmoja hadi mwingine. Mwaka 2004 kampuni, wakati huo ikiitwa Interstate Bakeries, ilikimbilia mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake. Viwanda kadhaa vikafungwa, na wafanyakazi wakakubali kupunguziwa maslahi ili kazi isife. Ikatoka mahakamani mwaka 2009, na ikaitwa Hostess Brands, lakini mzigo wa madeni ulikuwa bado mgongoni. Mwaka 2011 ikasimamisha michango yake ya pensheni za wafanyakazi, na Januari 2012 ikarudi tena mahakamani.

Kisha kampuni ikaleta mkataba mpya: mishahara ipungue kwa asilimia 8, na mchango wake katika matibabu na pensheni upungue pia. Kwa upande wa pili iliahidi kuwapa wafanyakazi asilimia 25 ya umiliki. Chama cha madereva kikapiga kura, na kwa tofauti ndogo sana kikakubali. Chama cha waokaji kikakataa kwa wingi mkubwa. Wao walisema: tulishatoa mara ya kwanza, tukaambiwa itatosha, na haikutosha. Kampuni ikasema: hatuna pesa nyingine, mkigoma tunafunga.

Mgomo ulianza Ijumaa, tarehe 9 Novemba 2012. Ijumaa iliyofuata, tarehe 16, kampuni ikatangaza kuwa inafunga kila kitu. Hakimu akajaribu kuwapatanisha siku chache baadaye, haikuwezekana. Viwanda 33 vikasimama, na watu wapatao 18,500 wakapoteza kazi. Waokaji walikuwa kiasi cha theluthi moja tu ya hao. Madereva waliokubali mkataba walipoteza kazi pamoja na waokaji waliokataa.

Nchi nzima ikashtuka. Watu wakakimbilia madukani kununua keki za mwisho, na wengine wakaziuza katika intaneti kwa bei za ajabu. Na katika mwezi huo huo mahakama ikaruhusu mameneja 19 wapewe bonasi ya hadi dola milioni 1.8 kwa jumla, kwa kazi ya kusimamia ufungaji huo.

Mwezi wa Desemba gazeti la Wall Street Journal likaandika jambo ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko yote. Kulikuwa na sehemu ya ujira ambayo wafanyakazi walikubali isiingie mfukoni mwao bali iwekwe katika pensheni zao. Kampuni ilipobanwa, fedha hizo hazikufika kwenye pensheni. Zilitumika kuendesha shughuli za kampuni.

Mwaka 2013 jina na mapishi ya keki viliuzwa kwa dola milioni 410. Tarehe 15 Julai mwaka huo Twinkie zikarudi madukani na watu wakashangilia. Lakini viwanda vichache tu ndivyo vilivyofunguliwa, mitambo mipya ikashika nafasi ya mikono mingi, na wengi wa wale 18,500 hawakurudi. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikanunuliwa na J.M. Smucker kwa dola bilioni 5.6.

Basi kosa ni la nani? Kijana wetu, hatutaki kukudanganya kwa jibu jepesi. Madeni yalikuwepo kabla ya mgomo, ladha za watu zilikuwa zinabadilika, na waliogoma walijua kuwa kufungwa kunawezekana. Lakini sisi tunaona kwamba mgomo ulikuwa jambo la mwisho katika jambo refu. Mtu anapokataa neno lako leo, tazama kwanza neno ulilompa jana lilikwenda wapi.

Maandazi yetu

Sasa turudi kwenye maandazi, na hapa ndugu zetu mtuvumilie, kwani tunajisema wenyewe.

Kwa muda wa miaka minne kulikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyetuletea maandazi 40 kila Jumamosi na Jumapili. Kila andazi faranga 100, kwa hiyo faranga 4,000 kwa siku. Wazazi mlichanga fedha hizo mwanzo wa kila muhula, na sisi tukazishika. Mama huyo aliamka kabla ya Alfajiri kukanda unga, na watoto walipofika, beseni lilikuwa mlangoni limefunikwa kitambaa na bado lina joto.

Masika yaliyopita mvua iling'oa mabati mawili ya darasa la wadogo. Fedha za ujenzi hazikuwepo, za maandazi zilikuwepo. Tukakaa kikao kifupi, tukasema: tutumie hizi, mama yule ni mtu wetu, atasubiri. Hakuna aliyekwenda kumuuliza kama anaweza kusubiri. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa saba. Deni likafika faranga 56,000. Kila akija tulimwambia, "Mama, subira, In Shaa Allaah wiki ijayo." Tulilitumia jina la Allaah kufunika uzembe wetu, na hilo tunaliombea maghfirah.

Siku moja hakugomba wala hakupandisha sauti. Alituambia tu: "Ustadh, mimi si mgomvi. Lakini muuza unga hapokei subira, anataka pesa." Jumamosi iliyofuata beseni halikuja. Watoto waliuliza, "Maandazi yako wapi?" Hata mmoja hakuuliza, "Mama yuko wapi?" Wala hatuwalaumu, kwani sisi walimu wao hatukuuliza vile vile.

Huo nao ulikuwa mgomo, ndugu zetu, ingawa wa mtu mmoja. Na tulipoisoma habari ya ile pensheni ya Marekani tuliona aibu, kwa sababu tofauti baina yetu na wale mameneja ilikuwa katika idadi ya sifuri tu. Fedha yenye mwenyewe iliwekwa mikononi mwetu, nasi tukaiona ni yetu kwa kuwa shida yetu ilikuwa mbele ya macho na shida yake haikuwa.

Nasi ndio tunaosomesha kisa cha Nabii Musa ('alayhis salaam) kule Madyan! Tunawaeleza watoto jinsi mzee yule alivyomwajiri: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake, na mwajiri akabainisha kuwa hataki kumtia katika mashaka. Muda ulijulikana, malipo yalijulikana, na nia ilisemwa wazi tangu mwanzo. Tunawahifadhisha watoto pia mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) juu ya kumlipa mfanyakazi na jasho lake. Jasho la mama yule lilikauka mara ngapi katika wiki saba?

Tulichofanya

Tulichanga kutoka mifukoni mwetu walimu, si kwa wazazi mara ya pili. Tukaenda kwake watu watatu baada ya Magharibi, tukamkabidhi faranga 56,000 na tukamwomba msamaha. Akatukaribisha chai, akahesabu fedha mbele yetu kama inavyostahiki, akatusamehe. Tukamwomba arudi.

Akatabasamu akasema, "Nimeshauza karai kubwa, Ustadh. Nililipia ada ya mtoto." Sasa anafanya usafi katika nyumba ya watu.

Watoto wanakula maandazi tena siku hizi, analeta mama mwingine, na tunamlipa siku ile ile kabla hajabeba beseni lake. Maandazi ni mazuri na watoto wameshasahau. Sisi hatutaki kusahau, ndiyo maana tumeyaandika haya.

Nasaha zetu kwa familia

Kwanza, tazameni ndani ya nyumba zenu. Yule binti anayewafulia na kuwapikia, yule kijana mlinzi wa usiku, yule fundi aliyetengeneza mlango: je, hesabu yao imekwisha? Kama haijaisha, usimalize kusoma ukurasa huu kabla ya kuweka nia ya siku ya kulipa, na siku hiyo umwambie mwenyewe.

Pili, fedha ya mtu iliyo mkononi mwako ni amana. Ukipatwa na shida, nenda kamwombe mwenyewe. Akikataa, ni haki yake. Wala usiseme "ni mtu wetu", kwa sababu neno hilo limewadhulumu wengi walio karibu nasi kuliko wageni.

Tatu, mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja katika daftari: kazi gani, kiasi gani, siku gani.

Na nyinyi wanafunzi, mnapokula kitu kizuri, semeni Bismillaah, kisha muulize jina la aliyekipika. Tumeanza hivyo darasani. Jumamosi iliyopita watoto walimpokea mama mpya mlangoni kwa jina lake, naye alisimama kidogo kabla ya kuweka beseni chini.

Tunamwomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) atusamehe tuliyoyachelewesha, awafungulie milango ya riziki waliopoteza kazi zao popote walipo, na atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Aamiyn.

Wabillaahit-tawfiyq.