Grogan, ambako injini hutafutiwa maisha ya pili

Ukitoka kwenye mzunguko wa Globe, jijini Nairobi, ukashika barabara ya Kirinyaga kuelekea Racecourse, pua ndiyo itakayokuambia kwanza kwamba umefika Grogan. Harufu ya oili iliyochakaa, petroli na chuma kilichochomelewa imeingia hadi kwenye kuta. Ardhi yenyewe ni nyeusi.

Jina hili ni la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesifika kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka wa 1900, kisha akawa mlowezi mwenye ardhi na maneno mengi hapa Kenya. Barabara ya Grogan ilikuja kuitwa Kirinyaga, lakini mwulize fundi yeyote wa magari alikonunua spea, naye atakujibu tu, "Grogan."

Familia za mjini haziji hapa kutembea. Huja zikiwa na shida, na shida iliyo nzito zaidi ni ya injini kufa katika gari ambalo limekwisha kuzeeka. Je, mtu atie injini nyingine, au aliuze gari kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu?

Majuzi nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye Peugeot 504 yake, ile ndefu yenye viti vya nyuma kabisa, ilikuwa imezimika kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu. Wazee wanalijua gari hili. Peugeot 504 zilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba abiria wa safari ndefu kabla ya Nissan kuzinyang'anya barabara. Hii ya mwalimu ilivuja maji kwenye rejeta, mshale wa joto ukapanda, na kabla haijafika juu injini ikaanza kugonga kama nyundo ndani ya debe.

Nyumbani kwa mwalimu kulikuwa na kesi. Kitinda mimba wao alikuwa anaingia chuo kikuu mwezi wa Septemba na karo ilikuwa haijatimia. Mama watoto alikuwa amekata shauri: gari liuzwe, hata kama ni kwa kilo. Mwalimu alimjibu kwamba gari hilo ndilo linalompeleka yeye kliniki na kuleta viazi na ndizi kutoka Murang'a. Tena kupata jingine si jambo rahisi. Sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo hata mtumba kutoka Japani una bei ya kumkosesha mstaafu usingizi.

Hatukuwa tumetembea hatua ishirini vijana walipotuzunguka. "Mzee wangu, ni Peugeot? Njoo nikuonyeshe mashine!" Injini zilikuwa zimepangwa kando ya njia kama maboga sokoni. Mwenye Toyota hapa huchagua apendavyo, kwa maana injini zilizotumika huletwa kwa wingi kutoka Japani, nyingine zikipitia Dubai. Mwenye 504 hana bahati hiyo. Injini anayoonyeshwa mara nyingi imeng'olewa katika gari jingine la papa hapa, na hakuna ajuaye imepanda milima mingapi.

Mwalimu alifungua kifuniko cha oili cha injini moja. Chini yake kulikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni dalili kwamba maji yamekutana na oili ndani, na mwenye macho hurudisha kifuniko na kwenda zake. Ya pili ilikuwa safi, lakini tulipojaribu kuizungusha kwa mkono haikusogea. Mwuzaji akaapa kwamba ni baridi tu. Baridi gani, saa saba za mchana?

Wengi watakuambia kwamba injini ikigharimu nusu ya bei ya gari, usihangaike. Tuseme gari likiwa zima lingeuzwa shilingi 250,000, nayo injini pamoja na kufungwa, oili na rejeta nyingine ni 130,000. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, inamfaa anayetaka kuliuza kesho. Anayetaka kulitumia na ajiulize 130,000 hizo zingemnunulia gari gani kwingineko, na hili lake likitengenezwa litamtumikia miaka mingapi. Lakini kwanza ainue mazulia na kuingia uvunguni kwa tochi. Kutu ikiwa imekula chasisi, injini nzuri itakuwa imewekwa ndani ya kikapu kilichotoboka.

Gari la mwalimu halikuwa na kutu. Lililotusaidia, hata hivyo, ni swali la fundi mmoja mwenye mvi, anayefanya kazi karibu na mashine za kukereza chuma. "Mwalimu, ni nani aliyekuambia injini yako imekufa? Umeifungua?"

Haikuwa imefunguliwa. Fundi alieleza kwamba silinda za 504 ni mikebe, mafundi huiita slivu, ambayo hung'olewa na kutiwa mingine pamoja na pistoni zake. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu na kikichomeka hupinda, lakini kikiwa hakijapasuka huweza kusawazishwa kwa mashine. Krenki nayo hupimwa. Ikiwa imekwaruzika tu hukerezwa kidogo, ikatiwa beringi za saizi inayofuata.

Tena kuna mambo ya karatasi. Nambari ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukitia nyingine ni lazima NTSA iarifiwe. Kama hiyo uliyonunua iliibwa mahali, utaeleza polisi ulivyoipata, nawe huna hata risiti. Injini yako ikitengenezwa, nambari ni ile ile.

Siku ya tatu injini ilifunguliwa uani kwa mwalimu, mama watoto akisimamia kila senti. Slivu mbili zilikuwa zimechanika, kichwa kimepinda bila ufa, krenki ingali na uhai. Gharama aliyoandika fundi ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kununua injini nyingine.

Mama aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake. Karo ingelipwa kwanza, akasema, kisha slivu, na kichwa kingefuata mwezi mwingine. Mwalimu hakubisha. Alitafuta gunia safi, akaifunika injini yake vipande vipande, kisha akaenda kuuliza matatu ya kliniki hupandiwa wapi.