Kigombe: Kichupa kwenye pindo la kanga

Ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani, ukishapita magofu ya Tongoni na mashamba ya mkonge, daladala inakushusha Kigombe, kijiji cha wavuvi wilayani Muheza. Wageni wengi huja kwa ajili ya ufukwe, au kwa habari za silikanti, samaki wa kale aliyefanya hifadhi ya bahari ianzishwe hapa mwaka 2009. Mimi nilifuata nyuki.

Mwenyeji wangu alikuwa mvuvi hadi mgongo ulipoanza kumsumbua. Sasa ana mizinga kando ya mikoko. Mchu ukichanua, alisema, nyuki hawana habari na mtu. (Mmoja alikuwa na habari na mimi, sikio likavimba.) Nilipomuuliza kuhusu maziwa ya nyuki, ule ute mweupe unaosifiwa siku hizi kuwa dawa ya kila kitu, alicheka. "Dada, mimi navuna asali na nta. Hayo maziwa sijawahi kuyatoa."

Si kazi nyepesi. Ute huo hutoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki vibarua wachanga. Mabuu yote hulishwa siku za mwanzo tu, lakini atakayekuwa malkia huendelea nao maisha yake yote. Anayetaka kuuvuna huwalaghai nyuki wajenge vyumba vya malkia, huhamishia humo buu mmoja mmoja, na siku ya tatu hufyonza kilichomo. Chumba kimoja hakitoi hata nusu gramu. Kisha unatakiwa uwekwe kwenye baridi haraka, na joto la pwani mnalijua.

Tuliporudi nyumbani, mama yake mwenyeji wangu alifungua pindo la kanga akatoa kichupa kisicho na jina la mtengenezaji. Alikinunua kwa mchuuzi ndani ya basi: kinatibu presha, uzazi, nguvu za kiume na pumu. Mjukuu wake wa miaka sita ana pumu.

"Nimpe kijiko asubuhi, mwanangu?"

"Usimpe, bibi."

Mwaka 1994 madaktari wa Australia waliandika kisa cha msichana wa miaka 11 mwenye pumu aliyefariki baada ya kutumia maziwa ya nyuki: njia za hewa zilibana. Nchini humo bidhaa hiyo sasa hubeba onyo kwa wenye pumu na mzio. Wanaotumia wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao wamuulize daktari kwanza. Kuhusu faida, zipo tafiti ndogo ndogo za lehemu na za wanawake waliokoma hedhi, lakini si za kumfanya mtu aache dawa zake. Mwaka 2011 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia madai ya afya kuhusu ute huu, isione ushahidi wa kuyathibitisha.

Bibi hakuridhika. "Lakini malkia anaishi miaka, na wenzake wanakufa baada ya wiki chache. Si kwa chakula hicho?"

Ni kwa chakula hicho, kwa sehemu kubwa. Nilimwambia mjukuu wake si buu. Akacheka, lakini kichupa hakukiachia.

Ndipo nikauliza pampu ya kuvuta ya mtoto iko wapi. Kimya. Mwenyeji wangu akatazama uani. Pampu ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyotangulia, na fedha ya kununua nyingine ndiyo iliyonunua kichupa.

Usiku ule mtoto alikohoa mara mbili. Nilimsikia, na bibi alimsikia, maana taa ya chumbani kwake iliwashwa mara zote mbili.

Alfajiri tulipanda daladala ya kwanza kwenda Bombo sote watatu, mtoto dirishani, akihesabu mistari ya mkonge hadi zilipomwishia namba.