Mlio wa Dirishani

Mwalimu wa lugha hujivunia sikio lake. Mimi hupambanua dh na z katika kinywa cha mwanafunzi hata nikiwa nimempa kisogo. Lakini mwezi wa Oktoba, nyumbani Usinge, sikio hilo lilinifedhehesha.

Usinge ni kituo cha reli baina ya Kaliua na Nguruka, katika nchi iliyopitwa na misafara ya Tabora na Ujiji kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya mvua, joto la huko hukaa ndani ya nyumba za bati kama mgeni asiyejua kuaga. Baba yangu alilala katika chumba chenye kiyoyozi cha dirishani, kizee kama yeye. Kikawa chakwaruza, chanung'unika kwa sekunde chache, chalia “tik,” kisha chapuliza hewa ya vuguvugu. Nikahukumu kuwa kompresa imekufa, nikatenga fedha za kununua kingine.

“Mwite kwanza kijana atengenezaye redio,” baba alisema.

Kijana alikuja, asifungue hata skrubu moja. “Shikamoo, Mzee. Mwalimu, tusikilize kwanza.” Akawasha feni peke yake. Kelele ikibaki, alisema, mshitakiwa ni feni au bati linalotikisika. Ikitoweka, tuitazame kompresa. Mkwaruzo ulibaki. Akakandamiza kifuniko cha mbele kwa kiganja, ukakoma. Kumbe nilichodhani ni ugonjwa mmoja kilikuwa viwili!

Akageuza kitufe kwenye baridi. Mnung'uniko, kisha “tik.” Kompresa yataka kuondoka, inashindwa, na swichi ya ulinzi inakata umeme isije ikaungua. Sababu yaweza kuwa umeme hafifu, au kapasita iliyochoka, au kompresa yenyewe kukwama. Akapima umeme, akauona mzuri. Akachomoa waya, akamaliza kwanza chaji iliyosalia katika kapasita, maana hiyo huweza kumpiga mtu hata mashine ikiwa imezimwa. Ilikuwa imevimba. Akaweka nyingine yenye kipimo kile kile, akaosha na chujio lililozibwa na vumbi.

Nilimwuliza habari za maji yarukayo ndani, kwani nilikusudia kutoboa tundu yatoke. Akacheka kwa adabu. Katika mashine nyingi za namna ile, pete ya feni huyachota maji na kuyarusha juu ya mabomba ya moto yapate kupoa. Hivyo ule mlio niliouchukia kuliko yote ulikuwa ndio wa afya.

Usiku mashine ikavuma kwa sauti moja tu, ya chini. Ndipo nikasikia, chini ya mvumo ule, filimbi nyembamba ikitoka kifuani mwa baba kila alipovuta pumzi. Nalikuwa nyumbani siku tisa. Nikaketi kitandani pake, nikasikiliza hadi alfajiri. Na zile fedha za kiyoyozi kipya zikatupeleka hospitali Tabora.