Mlio wa Gurudumu la Mbele

Napenda kuwasimulia wasomaji jambo lililonifika mwaka 2023, maana najua kwamba wengi wenu, wakulima kwa makarani, mna motokaa zilizonunuliwa kuukuu kama yangu, nanyi huenda mkafanya kosa nililolifanya mimi.

Mimi ni karani wa Serikali mjini Eldoret. Motokaa yangu niliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, baada ya miaka mingi ya kupanda matatu. Siku moja nikasikia mvumo upande wa mbele, mnene kama wa nyuki ndani ya mzinga. Nilipokwenda polepole haukusikika. Nilipofika mwendo wa kilometa 60 kwa saa ulianza. Nilipozidisha mwendo, nao ukazidi. Nikamwendea fundi mmoja wa kando ya njia. Hakuiinua motokaa wala hakuigusa. Alisema tairi zimelika, basi. Nikanunua tairi 2 mpya kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mbolea ya shamba. Mvumo ukabaki pale pale. Kwa kuwa niliona haya kukiri kwamba fedha zangu zimepotea bure, nikafungulia redio kwa sauti kubwa, nisiusikie tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu kwa muda wa wiki 3.

Wiki ya nne nilikwenda Kabarnet kumchukua mama yangu mzazi, nimpeleke hospitali kwa ajili ya mtoto wa jicho. Aijuaye njia ile anajua kwamba hushuka vilima vya Tugen hadi mto Kerio, kisha hupanda kwa kona nyingi kupitia Tambach hadi Iten, na kando yake ni poromoko la kutisha. Mama aliketi mbele, mkono wa kushoto. Tulipokwisha kuuvuka mto akasema, "Mwanangu, hebu zima redio hiyo." Nikaizima. Wakati huo mvumo ulikuwa umegeuka, ukawa kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Akasikiliza kwa kona tatu nne, kisha akasema, "Motokaa yako ina ugonjwa. Sauti hii iko chini ya miguu yangu, si chini ya yako. Nayo hulia zaidi ukikata kona kwenda kulia. Ukienda kushoto hupungua."

Niliona haya kuliko siku ile ya tairi. Mimi mwenye macho mazima na cheti cha shule sikuyajua aliyoyajua mama asiyenitambua mpaka asikie sauti yangu.

Tukaenda mwendo wa pole kabisa hadi Iten, tukampata fundi mmoja mzee. Nilipomweleza akacheka, akaniambia, "Bwana Karani, mama amekwisha kufanya nusu ya kazi yangu." Alinieleza kwamba motokaa ikikata kona kwenda kulia, uzito wake huyalemea magurudumu ya kushoto, na beringi iliyoharibika ikilemewa hulia zaidi. Akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akaniamuru nikanyage breki, akatikisa tena, halikucheza. "Basi ni beringi," alisema. "Kama lingalicheza hata breki ikiwa imekanyagwa, ningalitafuta ugonjwa katika viungo vya chini." Akalizungusha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka juu ya springi, nami nikafanya vivyo hivyo. Nilihisi mkwaruzo hata vidoleni.

Alinifundisha na milio mingine. Chuma kikisaga chuma ukanyagapo breki, pedi zimekwisha. Ikilia ta-ta-ta unapopinda usukani mpaka mwisho, kiungo cha ekseli kimelika. Ikigonga kwenye mashimo, tazama viungo vya chini na nati za gurudumu.

Alipoitoa beringi, grisi ilikuwa imekauka na gololi zimemeguka. Akasema kwamba beringi ya namna hiyo huweza kupata moto ikakwama, au gurudumu likang'oka. Nikalikumbuka lile poromoko, na mama aliyeketi upande huo huo, nikakosa la kusema.

Beringi mpya ililetwa na matatu kutoka Eldoret, nasi tulifika hospitali siku ya pili. Mama alipasuliwa jicho salama. Alipofunguliwa kitambaa aliitazama motokaa kwa muda, akasema, "Kumbe ni nyekundu." Kisha akaingia, akaizima redio mwenyewe.

Basi, ndugu zangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Motokaa ikilia, msiizibe kinywa. Sikilizeni kwanza, ndipo mfungue mfuko. Na fundi asiyeliinua gurudumu msimpe fedha zenu.