Niliamini Nafasi Zina Wenyewe

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, ikisikika kwamba fulani yuko Ulaya, swali la kwanza huwa: nani kampeleka? Nimekua nikilisikia swali hilo, na nilipofika Dar es Salaam kusoma shahada ya Kiswahili lilikuwa limeshaniingia. Matangazo ya kubadilishana wanafunzi yalibandikwa kwenye ubao wa idara, yana nembo ya Umoja wa Ulaya na tarehe ya mwisho, nami niliyapita kila siku nikienda darasani. Nafasi zile nilijua zina wenyewe: watoto wa wakubwa, au wenye shangazi Uholanzi.

Aliyenisimamisha ni mhadhiri wangu wa fasihi. Aliniuliza mbona jina langu halimo kwenye orodha ya walioomba. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sina mtu huko." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mwaka jana nafasi zilibaki na fedha yake ikarudi ilikotoka. Mtu wa huko ni hiyo fomu." Maneno hayo yaliniuma. Fedha inarudi kwa kukosa mwombaji, na darasani kwetu kuna watu wanakula mlo mmoja kwa siku wakisubiri bumu, fedha ya mkopo wa masomo, litoke!

Nikaanza kusoma mpango wenyewe. Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa nchi za Ulaya kutembeleana vyuo, na tangu 2015 milango yake imefunguliwa kwa vyuo vya Afrika pia. Vyuo viwili hutiliana saini. Mwanafunzi huenda muhula mmoja au zaidi, halipi ada kule anakokwenda, anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, na hupewa ruzuku ya kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi. Nauli nayo hutolewa kiasi kilichopangwa kwa umbali kati ya vyuo hivyo viwili, bila kujali tiketi umeinunua kwa bei gani. Wa kwao nao huja kwetu kwa utaratibu huohuo. Yote haya yalikuwa yameandikwa wazi, kwa yeyote, na hakuna mstari uliouliza baba yangu ni nani.

Chuo nilichokichagua ni Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, jimbo la Bavaria. Hapo ndipo maswali yalipoanza kunijia kutoka kila upande. Baba mkubwa alinipigia simu makusudi: "Unatoka Tanga, unakwenda kwa Wajerumani kusoma Kiswahili?" Swali lake halikuwa la kupuuza, na barua ya kueleza nia ilinitaka nilijibu hilohilo. Nililikalia kwa majuma. Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Asali Chungu na Utengano, Mzanzibari, alikuwa profesa Bayreuth kwa miaka mingi. Mtu tuliyemsoma sekondari tukidhani yuko Unguja muda wote.

Jibu la pili lilichimba zaidi. Sehemu ya kumbukumbu za lugha yetu imo kule. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, na miswada hiyo ikahifadhiwa Halle. Halafu nikamkuta Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha 1903 ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi yake, kilitoka na jina la Carl Velten mbele. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimzuia. Alifia Berlin mwaka 1927. Niliposoma habari zake sikuhitaji tena kutafuta maneno ya kupamba barua. Niliandika kwamba nataka kuisoma kazi ya Mtoro katika nchi ilikochapwa, pamoja na yaliyoandikwa na Wajerumani kumhusu, kisha nirudi nayo, jambo ambalo yeye alinyimwa.

Kazi iliyonibadilisha hasa, hata hivyo, ilikuwa mkataba wa masomo. Ni jedwali. Upande mmoja unaandika kozi utakazosoma kule, upande wa pili kozi za nyumbani zitakazohesabiwa kuwa umezimaliza, na chini kuna saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo mwenyeji. Bila jedwali hilo kukamilika, mtu anaweza kukaa Ulaya muhula mzima, akafaulu kila kitu, akarudi akaambiwa muhula wake haupo.

Kwanza kuna hesabu. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka una krediti 120. Kwao krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka una krediti 60. Kwa hiyo krediti 60 za muhula wangu zilisimama mkabala na 30 zao. Ukizidisha saa unaona mwaka wao umepangiwa kati ya saa 1,500 na 1,800, wetu 1,200. Tofauti hiyo ilinitayarisha: kule kazi ingekuwa nyingi zaidi, hasa maktaba.

Baada ya hesabu yakaja maelezo. Mratibu wa Bayreuth aliomba kwa kila kozi yangu ukurasa mmoja: inafundisha nini, inasomwa kwa vitabu gani, inapimwaje. Mihtasari tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mistari michache. Ikabidi niende kwa wahadhiri mmoja mmoja, ofisini kwao, nikiwa na daftari. Mimi ambaye nilizoea kuingia ofisi zile kupeleka kazi na kutoka kinyumenyume, nikajikuta nauliza: Mwalimu, kozi ya Fonolojia inatupa uwezo gani ambao hatukuwa nao? Kwa nini Fasihi Simulizi ni ya lazima na Tafsiri ni ya hiari? Wengi wao walifurahi. Mmoja alifunga mlango na kunieleza kwa saa nzima kozi yake ilivyobadilika tangu alipoianza. Nilitoka mle nikiwa naijua shahada yangu kwa mara ya kwanza, baada ya kuisoma zaidi ya mwaka. Na niliona, nikilinganisha jedwali kwa jedwali, kwamba kwenye ushairi wa Kiswahili tulikuwa tunafundishwa kwa kina kisichopungua chao. Hilo lilinikaa moyoni. Sikuwa naomba hisani. Nilikuwa na kitu cha kubadilishana.

Kozi moja ya lazima ilikosa mwenzake. Mkuu wa idara alikubali niisome mwaka wa tatu na akaliandika hilo kwenye jedwali. Tulichagua pia muhula wao wa kiangazi, ambao masomo yake huanza Aprili, ili nimalize kwanza mitihani ya nyumbani. Muhula wa Oktoba ungenikatia mwaka mahali pabaya, na nashangaa wengi huuchagua kwa sababu tu ndio unaotangazwa zaidi.

Pasipoti ilinichukua nguvu nyingi. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ninayo, cheti changu cha kuzaliwa ninacho, lakini walitaka pia cha mzazi, na mama yangu alizaliwa nyumbani, shambani, bila karatasi. Kiapo kikaandikwa mahakamani. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000. Tiketi ndiyo usiseme. Na hapa kuna jambo ambalo kila anayepanga safari hii anapaswa kulijua mapema: mara nyingi sehemu ya kwanza ya ruzuku hulipwa ukishafika. Ya kukufikisha uitafute mwenyewe.

Barua ya ruzuku ilipofika, nilimweleza mama kwa simu, taratibu, nikimpa kila tarakimu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hiyo fedha ya huko, imeandikwa?" Nikamwambia imeandikwa na ina muhuri. Akasema niilete barua. Nilisafiri nayo hadi Muheza, akaipeleka kwenye kikoba chao siku ya mkutano, wanawake wauza machungwa na vitenge, akaomba mkopo juu ya hisa zake. Mweka hazina aliwasomea tafsiri niliyoiandika kwa mkono, mstari kwa mstari. Walimpa, kwa riba ileile ya kila mwanachama. Nilirejesha mkopo ule kutoka Bayreuth kwa kubana matumizi, na nasema kwa moyo wote kwamba hakuna mfadhili aliyeniamini kuliko wale kinamama.

Ubalozi wa Ujerumani, pale Umoja House, mahojiano ya viza yalikuwa mafupi. Anayekwenda kwa gharama zake hutakiwa kuonyesha maelfu ya euro katika akaunti iliyozuiwa. Mimi nilitoa barua ya ruzuku, bima ya afya na barua ya chuo. Afisa akauliza nitarudi kwa sababu gani. Nikamfungulia jedwali nikamwonyesha ile kozi ya mwaka wa tatu iliyokuwa ikinisubiri Dar es Salaam. Aliisoma, akaandika, akaniambia nisubiri kuitwa.

Kuhusu maisha ya kule sitasema mengi. Kulikuwa na baridi hata Mei, chumba cha bweni kilipatikana kwa sababu niliomba siku ileile niliyopata barua ya kukubaliwa, na darasani nilitarajiwa kumpinga mwalimu kwa hoja. Jambo hilo halikunitisha. Nilishajifunza kuuliza maswali kwenye ofisi zetu wenyewe, Dar es Salaam.

Niliporudi, kuingiza alama kulichukua miezi. Karatasi zilikwama kwenye meza moja, kisha nyingine. Zamani ningekaa nisubiri mtu mwenye mtu. Safari hii nilikwenda na mkataba wenye saini tatu, nikauweka mezani kwa heshima zote, shikamoo kwanza, nikaomba kujua hatua inayofuata na tarehe yake. Krediti zote ziliingia. Sasa naandika utafiti wangu wa mwaka wa tatu kuhusu sura za ndoa katika Desturi za Wasuaheli, na kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la mwandishi, nimeandika Mtoro bin Mwinyi Bakari.