Amri Iliyozuiwa Mlangoni

Si kila kinachokataliwa ni batili, msomaji. Pengine mgeni amealikwa kwa haki, ila mlinzi wa mlango amepewa orodha isiyo na jina lake. Jambo hili lilinidhihirikia katika kazi ya kompyuta.

Nilitunza chombo kidogo cha kupima mvua, kilichoendeshwa na prosesa ya RISC-V, aina iliyoanza kubuniwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu yake ilikuwa na amri iitwayo csrr, ambayo husoma rejista maalumu, yaani visanduku vya ndani ambamo prosesa huweka habari za hali yake. Kwa miaka miwili amri hiyo ilifanya kazi bila taabu. Mwaka 2022 nikapokea zana mpya za kutafsiri programu, na asembla, ambayo hugeuza amri za maandishi kuwa namba, ikasema haiitambui. Masika yalikuwa karibu, na mvua haimngojei fundi.

Mwenzangu mmoja alinishauri niifute amri; mwingine alidai prosesa imeharibika. Lakini prosesa ilishitakiwa bure, kwani amri haikuwa imeifikia. Na kuifuta amri kungekuwa kumwadhibu asiye na kosa. Niliusoma ujumbe wa asembla neno kwa neno mpaka mwisho, nikakuta imetaja kinachotakiwa: zicsr.

Chanzo kilikuwa hiki. Hapo kwanza amri za kusoma rejista hizo zilihesabiwa katika msingi wa RISC-V, uitwao I. Maelezo rasmi ya mwaka 2019 yaliziweka kando, zikawa nyongeza yenye jina lake, Zicsr. GNU Binutils toleo la 2.38, lililotoka Februari 2022, likaanza kuyafuata maelezo hayo. Prosesa ilikuwa ile ile, na amri ile ile; kilichobadilika ni orodha. Palipoandikwa rv32imac, niliandika rv32imac_zicsr, na programu ikapita. Mvua ya kwanza ilinyesha chombo kikiwa tayari mahali pake.

Nawe, msomaji, utakutana na milango mingi ya namna hii. Usimhukumu mgeni kabla ya kuisoma orodha. Wala usimtukane mlinzi kabla ya kusikiliza neno lake la mwisho, maana huenda ndilo lenye ufunguo.