Pindo na Kikombe cha Barafu

Wiki hii hatuna mshono mpya wala rangi za maharusi. Tuna habari ya paka. Msitukimbie, maana ndani yake mna kosa letu, na hatupendi liwafike nyinyi.

Wanaotujua wanajua chumba chetu cha kushonea kipo Ng'ambo: mimi na wifi yangu, vyerehani viwili na meza moja ya kukatia. Mwezi wa Februari, katika joto la kaskazi, tulikuta kitoto cha paka chini ya meza, kimejikunja juu ya vipande vya satini. Mama yake tulimngoja siku nzima, hakutokea. Tukamwita Pindo.

Tumelelewa tukijua kuwa paka si najisi, ni katika hao wanaotuzunguka majumbani mwetu. Basi kwa huruma tukampa tulichokuwa nacho: asubuhi maziwa ya ng'ombe, jioni samaki wa mchuzi wa nazi. Usiku ule akaharisha. Tukadhani ni njaa, tukazidisha maziwa. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Ukimvuta ngozi ya mgongoni, inachelewa kurudi.

Tukafunga duka, tukamtia kwenye kikapu cha ukili, mbio kwa daktari wa mifugo. Alimtia maji chini ya ngozi kwa sindano, akampa na dawa ya minyoo. Kisha akatuuliza, "Mnamlisha nini, wanangu?" Tulipomwambia, akanyamaza kidogo. Akatueleza kuwa paka wengi matumbo yao hayawezi maziwa ya ng'ombe, tui la nazi lina mafuta mengi, na vitunguu vya kwenye mchuzi, vitunguu maji na thomu, huharibu damu ya paka.

Tuliona haya. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha. Hatukuwahi kufikiri kuwa paka anaweza kufa kwa kulishwa.

Pindo akapona, alhamdulillah, lakini tumbo lake likabaki jepesi. Halafu akaanza balaa jingine: akikosa wa kucheza naye, anatafuna nyuzi. Uzi kwa paka ni hatari. Akiumeza huweza kuyakunja matumbo, na mara nyingine hawezi kuokolewa ila kwa kupasuliwa. Na sisi mezani tulikuwa na gauni la bibi harusi la shanga, zimebaki siku 6. Tulihitaji kitu cha kumshughulisha ambacho tumbo lake litakikubali.

Tukachukua kikombe kidogo cha kahawa. Tunachemsha kifua cha kuku kisicho na ngozi kwa maji matupu: bila chumvi, bila kitunguu, bila kidonge cha supu. Tunatoa mifupa yote, maana mfupa uliopikwa huvunjika ukawa na ncha. Nyama tunaichambua laini, tunachanganya na kijiko kidogo cha boga lililochemshwa, tunatia kikombeni, tunamimina supu yake iliyopoa, kisha kwenye friza. Kabla ya kumpa tunakiacha nje dakika 10 au 15 mpaka juu kulainike. Basi hapo Pindo hukaa akalamba taratibu, na nyuzi anazisahau.

Ukitaka kujaribu, yashike haya:

Anza na kidogo, vijiko viwili hivi, na usimchanganyie vyakula vipya viwili kwa pamoja. Ngoja siku 2 au 3 uangalie choo chake.

Hiki ni kitumbuizo. Kuku mtupu hana kila kinachohitajiwa na mwili unaokua, kwa hiyo chakula chake cha kila siku kiwe kile alichoelekeza daktari.

Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Usigandishe nyama mbichi ukadhani imekuwa salama. Na umeme ukikatika vikombe vikayeyuka, usivirudishe kwenye friza.

Usimpe dawa ya binadamu. Paracetamol, hata kipande cha kidonge, huua paka.

Akitapika na kuharisha, akikataa kula, au ukiona damu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kitoto cha paka hukaukiwa na maji upesi.

Siku ya tano bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Lilimkaa vizuri, hakuna hata uzi uliovutwa. Akamwona Pindo chini ya meza, ndevu zimelowa supu, akacheka. Akatwambia kule anakoolewa mama mkwe ana paka watatu, na yeye anaogopa asije akakosea. Tukamwandikia kipimo nyuma ya risiti yake, na juu kabisa tukaandika: maziwa usimpe.

Sisi tulijifunza kwa gharama ya Pindo. Ukimpenda mnyama, jifunze kwanza tumbo lake linaweza nini, ndipo umpe. Na nyinyi mnaoshona nyumbani, kabla hamjalala leo, chungulieni chini ya cherehani muokote nyuzi.